Zuhura, naomba ruhusa ya sauti

Sinza, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U mzima? Watoto? Shemeji mguu wake umepona? Sisi huku hatujambo, ila umeme umekatika tangu magharibi, naandikia mwanga wa simu na mbu wananimaliza miguu. Tangu arobaini ya mama yako sijakuandikia hata mstari mmoja. Ile siku ya Mwajuma nilikupigia mara mbili hukupokea, nikasema moyoni amechoka na watu, nimwache apumue. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Hilo nisamehe, tutalizungumza tukionana. Leo nimeshika kalamu kwa sababu nina jambo linaloninyima usingizi, na peke yako ndiye unayeweza kulijibu.

Nimepata kazi ya sauti. Ya kweli, ya kulipwa. Kuna studio hapa mjini wanaingiza Kiswahili kwenye katuni ya watoto kutoka nje. Nimetia sahihi kwamba sitaitaja mpaka itoke, kwa hiyo usiniulize, na Kibwana akikuuliza mwambie hujui. Nilikwenda kujaribiwa sauti ya steringi. Wakanisikiliza, wakanong'onezana nyuma ya kioo, wakanipa adui. Tena si yule adui mkubwa anayerudi kila wiki na ngome yake na vikaragosi vyake. Ni adui wa kipindi kimoja. Bibi mmoja jirani anayewatisha watu usiku ili wahame. Anatokea, anatisha, anavuliwa kinyago, polisi wanamchukua, basi. Mistari 23. Nimeihesabu.

Bibi jirani, Zuhura. Anayewatisha watu ili wahame. Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda.

Mwongozaji ni kijana mpole, ana adabu zake, simlalamikii. Ila aliniambia, "Dada, huyu ni adui mdogo tu. Weka sauti ya kukwaruza, cheka kichawi, tumalize." Nikakwaruza. Nikacheka kichawi mara nane mpaka fundi mitambo akaniletea maji ya uvuguvugu. Akasema iko sawa. Nilipovaa zile spika za masikioni kusikiliza nilichorekodi, moyo ukakataa. Yule hakuwa mtu. Ilikuwa kelele tu. Nikaomba waniache nirudie, wakanipa mpaka Alhamisi.

Sasa nikukumbushe sebule ya Mjomba Kibwana, Barabara ya 14, kule Tanga. Ile diski moja yenye katuni arobaini, iliyokuwa inakwama mpaka Hamisi aifute kwa kanzu. Kiingereza hatukijui, wewe ndiye ulikuwa Lufufu wetu, yule mtafsiri wa filamu. Umekaa mbele kabisa, mgongo kwa runinga nusu, uso kwetu nusu, unatuambia nani kasema nini, na nusu yake ulikuwa unaitunga, nimekuja kugundua wiki hii. Shaggy wa Scooby-Doo hajasema hata siku moja kwamba ana njaa tangu mfungo wa Ramadhani. Lakini mpaka leo nikimsikia kwa Kiingereza naona kama wamemkosea, sauti yake ni yako.

Unakumbuka kipindi cha yule mzuka wa angani? Uwanja wa ndege wa zamani, hakuna ndege wala mtu, nyasi zimeota, halafu anatokea huyo kavaa nguo za kwenda mwezini, ndani ya kofia ya kioo kuna fuvu linawaka. Nyayo zake zinang'aa ardhini. Na kile kicheko! Kinapanda, kinakatika, kinapanda tena, kama mtu anayecheka na kupaliwa kwa wakati mmoja. Hamisi alijifunika mkeka. Bi Tatu akaja kutoka nje akasema zimeni hilo balaa. Halafu mwishoni wakamkamata, wakamvua kofia, kumbe Bascomb, mkulima wa jirani. Alisikia jeshi la anga linataka kuufungua upya ule uwanja na litahitaji ardhi zaidi, akataka mwenzake akimbie kwa hofu amuuzie shamba kwa bei ya bure.

Sote tulicheka. Wewe hukucheka. Uligeuka ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama yule aliyenunua nyumba yetu."

Nakumbuka ukimya ule kuliko nikumbukavyo katuni yenyewe. Mjomba Kibwana alikuwa anabandua kiazi cha moto, mkono ukasimama hewani. Mama yako akainuka akaenda jikoni, na jikoni hapakuwa na kitu motoni. Ulikuwa na miaka tisa, kumi?

Wiki hii nimeitafuta katuni ile nikaitazama yote upya, kipindi baada ya kipindi, na daftari mkononi. *Scooby-Doo, Where Are You!* ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Septemba 1969, kituo cha CBS, kazi ya Hanna-Barbera. Mwaka wa kwanza vipindi 17. Nimekaa nikiwaandika maadui mmoja mmoja, na nakwambia ukiwaweka kwenye mstari ni kama orodha ya kesi za mahakama ya mwanzo. Mtunza makumbusho anauza picha halisi na kutundika bandia. Meneja wa benki anaiba benki yake mwenyewe. Mwenye meli anajifanya mzuka wa haramia ili aibe mizigo ya meli zake mwenyewe. Mawakili wawili wa mirathi wanavaa uzuka wa kijani kuwakimbiza warithi wa mzee mmoja, na yule mzee aliwaachia dola milioni moja, kumbe ni noti za serikali ya Kusini iliyoshindwa vita karne ya 19, hazinunui hata sabuni. Hakuna jini hata mmoja. Kasoro wachache, ni deni, ni wosia, ni kiwanja, ni wivu.

Hilo ndilo lililonikaa. Wale maadui wakubwa wanaotaka kuitawala dunia, mimi sijawahi kukutana na mtu anayetaka kuitawala dunia. Wewe umewahi? Lakini huyu mdogo wa kipindi kimoja tunamjua. Tumekula pilau naye. Alikuja msibani.

Halafu nikahamia kwa Batman, ile ya 1992, ya michoro myeusi myeusi uliyokuwa unaiogopa. Hebu itafute kile kipindi cha mtu wa saa, Temple Fugate. Hana nguvu yoyote. Harushi moto, haruki. Anachojua ni ratiba. Kila siku kahawa yake saa tisa kamili. Siku ya rufaa yake, jamaa mmoja anayejuana naye, Hamilton Hill, anamwambia kwa nia njema, leo chelewa kidogo, inywe saa tisa na robo, ujipumzishe. Akasikiliza. Akaenda bustanini akakaa, mambo yakaharibika, karatasi zake zikapeperuka, akaingia mahakamani amechelewa, rufaa ikatupwa, kampuni ikafa. Miaka 7 baadaye Hill ni meya na Fugate amerudi na saa zake kumwangamiza mtu aliyempa ushauri wa kahawa. Nilipoona pale anapokimbizana na karatasi nilisimamisha, nikashika kichwa. Dakika kumi na tano! Mimi nilikosa usaili wa kazi ya benki kwa sababu ya daladala iliyoharibika Magomeni, na mpaka leo nikimwona konda yule nageuza uso. Sitamdhuru, hasha. Lakini mzizi wa Fugate naujua unapoanzia.

Na yule wa barafu, Victor Fries. Kwenye vitabu vya katuni alitokea 1959 akiwa na jina jingine, mwizi tu mwenye bunduki ya baridi, mtu wa kujaza kurasa. Akaja mwandishi Paul Dini, 1992 hiyohiyo, akampa mke mgonjwa, Nora, aliyelazwa kwenye barafu akisubiri dawa. Kipindi kikapata tuzo ya Emmy ya uandishi. Aliyemtia sauti ni Michael Ansara, na hapa ndipo nilipokaa wima kitandani: hapandishi, hashushi. Hakwaruzi popote. Anaongea kama mtu anayesoma bei za nauli, na huzuni yote iko ndani ya hicho kisichopanda. Mwisho wake yuko selo peke yake, ameshika kile kioo cha duara chenye mcheza ngoma mdogo ndani na theluji, anamwomba mkewe msamaha, na machozi yanaganda. Nilimpigia mume wangu simu kazini nikamweleza, akasema sawa mama, nipo kwenye kikao.

Hata Harley Quinn, unayemwona siku hizi kwenye fulana za watoto wa Kariakoo, aliletwa kwenye kipindi kimoja tu, 1992, awe kibaraka wa kubeba vitu wa Joker, yule adui wa Batman. Dini alimwandika akimfikiria rafiki yake tangu chuoni, Arleen Sorkin, na huyo rafiki ndiye akamtia sauti. Mtu na rafiki yake. Nimelifikiria hilo sana nikikukumbuka wewe na mkeka ule.

(Nimewaona na wale amiba watatu wa *The Powerpuff Girls*, wanaovaa kofia wakitaka sana kuitwa majambazi na uhalifu hawauwezi. Kosa lao kubwa ni kukanyaga nyasi palipoandikwa usikanyage. Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Ni Hamisi, Salimu na Juma Kipara watupu, siku waliyoiba embe za msikitini wakaenda kumwambia imamu wenyewe.)

Turudi kwa bibi wangu wa mistari 23.

Usiku ule moyo ulipokataa, nilijilaza nikajaribu kumsikia anavyoongea. Na sauti iliyonijia, Zuhura, wallahi sikuiita. Ilikuja yenyewe. Sauti ya yule mama wa nyumba ya pili kutoka kwenu. Unajua nani. Hata hapa simtaji.

Alikuwa na sauti laini kuliko watu wote wa mtaa. Hakuna mtoto aliyewahi kumsikia akigomba. Alikuwa akianza kila sentensi na "wanangu". Wapangaji wenu walipoanza kurushiwa mchanga juu ya bati usiku, shaa, shaa, shaa, tangu saa sita mpaka karibu na alfajiri, ni yeye aliyekuja asubuhi ya kwanza na kilo ya sukari kumpa mama yako pole. Nilikuwepo, nilitumwa kuazima kinu. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi kwa kukosa kiti, akaushika mkono wa mama yako, akasema, "Mwanangu, nyumba ikishaingiliwa haina dawa. Mimi nakuonea huruma na watoto hawa." Taratibu. Karibu anong'one. Na kila alipomaliza sentensi alikuwa akivuta pumzi kwa puani, fupi, kama mtu anayenusa mchuzi kujua umeiva.

Wapangaji wakahama, wa mbele kisha wa nyuma. Bei ikashuka. Akanunua yeye, "kwa kuwasaidia tu". Na baada ya hapo bati halikurushiwa hata punje.

Kisha ile siku uliyonionyesha. Mlikuwa mmeshahamia Makorora, tukarudi kuchukua ile ngazi, ukapanda mpaka kwenye mfereji wa bati, ukashuka na kiganja kimefumbwa. Mchanga mweupe wa pwani, una vipande vya kome ndani. Ukaniuliza, "Jini gani anatoka hapa mpaka Raskazone kuchota mchanga?" Mimi nikakimbia, nilidhani jini atasikia. Wewe ulisimama pale pale, na kikome kimoja kizima ukakitia mfukoni mwa gauni.

Sisi hatukuwa na gari wala mbwa wa kumvua mtu kinyago. Tulikuwa watoto wawili na mchanga kiganjani. Mama yako ulipomwonyesha alisema nini? Hukuwahi kuniambia. Nilisikia tu Bi Tatu akimwambia Mjomba, "Kikulacho ki nguoni mwako," na Mjomba akamwambia anyamaze, watoto wapo.

Basi ninachotaka ni hiki. Alhamisi nataka kumtia bibi wa katuni sauti ile. Bila kukwaruza, bila kicheko cha kichawi. Nataka aongee laini, "wanangu, wanangu", na ile pumzi ya puani mwishoni. Nimeijaribu chooni, mlango nimefunga, na nilipofika pale anaposema "nawaonea huruma", nywele zilinisimama, nikafungua bomba nisijisikie. Nina hakika mtoto atakayemsikiliza hivyo hatamwogopa mwanzoni, atampenda, na kinyago kitakapovuliwa kitamuuma. Kile kikimuuma, siku moja akija mtu na kilo ya sukari, labda atakumbuka. Wewe ulikumbuka, na yako haikuwa hata kwa Kiswahili.

Mwongozaji nimemgusia. Amesema watoto watachanganyikiwa, adui lazima ajulikane ni adui. Nikamwambia kaka yangu, adui akijulikana mapema kinyago ni cha nini? Akanyamaza, akasema rekodi zote mbili tuone. Kijana msikivu.

Na ule mstari wa mwisho, ule ambao kila adui wa aina hii anausema akishakamatwa, kwamba angefaulu lau si watoto hawa. Kwenye tafsiri wameandika "watoto wasumbufu". Nimekataa. Msumbufu ni mtoto anayelia usiku. Huyu bibi anawaambia watoto waliopanda ngazi wakachungulia kwenye mfereji. Nimeandika, "Ningefaulu, lau si vitoto hivi kimbelembele." Fundi mitambo alicheka, akasema hilo bibi yake angelisema. Tumeliacha. Sikumweleza kwamba kila nikilisema nakuona wewe kwenye ngazi, gauni la maua, magoti yana vumbi la bati.

Lakini sauti ile si yangu kuitumia nipendavyo. Nyumba ilikuwa yenu. Aliyelia jikoni ni mama yako, na sasa hayupo nimuulize. Yule mama naye alishatangulia, Mungu amrehemu, sisi ni Waislamu, marehemu hasemwi kwa ubaya. Ana wajukuu Tanga, wengine wana runinga nzuri kuliko zetu. Je, wataitambua? Sidhani, lakini sidhani si jibu. Na Shangazi Fatma ana masikio, unamjua, huyo ataitambua kabla mstari wa pili haujaisha, na Tanga nzima itakuwa imeshajua kufikia adhuhuri. Nimejiuliza kama nawatendea haki au nawatonesha kidonda. Usiku najibu hivi, asubuhi najibu vile.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na unijibu kwa ukweli wako ule ule wa kwenye mkeka. Unaniruhusu? Ukisema hapana, sitanuna hata kidogo. Nitakwaruza kama wanavyotaka, nitalipwa, na tutabaki kama tulivyo. Ukisema ndiyo, nitumie ujumbe wa sauti unisemee maneno yake mwenyewe kama unayakumbuka, maana wewe ulimsikia zaidi yangu. Alikuwa akisema "nyumba ikishaingiliwa" au "nyumba ikishakaliwa"? Na ile pumzi ilikuwa kabla ya "wanangu" au baada? Mama yako aliujua ukweli kabla ya kuuza au baada? Ulimwambia siku ile ya mchanga, au ulimficha mpaka usiku ule wa katuni? Ndiyo sababu hukuja harusini kwa Salimu, kwa kuwa mlango ulikuwa unatazamana na nyumba ile? Na ulipotazama mzuka wa angani akivuliwa kofia, ulifurahi kwamba kuna mahali duniani mtu wa namna ile anakamatwa, au ulizidi kuumia? Sijawahi kukuuliza. Miaka yote hii tumeongea habari za vitambaa na ada za shule.

Naingia studio Alhamisi saa nne asubuhi. Jumatano nitakaa na simu mkononi. Salamu kwa shemeji, wabusu watoto, mwambie Nuru barua yake ya michoro imefika na yule paka mwenye miguu mitano nimembandika kwenye friji.

Wako,
Mwanaidi

Kile kikome ulichotia mfukoni, bado unacho?